Pilipili Wasiyoila: Maumivu ya Neva, Dawa Zake na Deni la Wanakiswahili

Wahenga waliuliza: pilipili usiyoila yakuwashiani? Methali hii hutumiwa kumkanya mtu anayejitia katika jambo lisilomhusu ndewe wala sikio. Hata hivyo, wapo watu wengi ambao kwao methali hii si fumbo tena, bali ni maelezo ya hali yao ya kila usiku. Hawajakanyaga makaa, lakini nyayo zao zawaka moto. Hawajadungwa sindano, lakini vidole vyao vyachomwachomwa hadi alfajiri. Ukiwatazama huoni kidonda, uvimbe wala alama yoyote ya haja. Pilipili hawakuila, na bado yawawasha.

Maumivu hayo ndiyo wanayoyaita wataalamu maumivu ya neva. Dawa za kuyadhibiti zipo, na baadhi yake zimejulikana kwa zaidi ya miaka 50. Makala haya yanashikilia kwamba manufaa ya dawa hizo aghalabu hupotea katika safari fupi iliyopo baina ya meza ya daktari na kitanda cha mgonjwa, na kwamba kinachoyapoteza, mbali na umaskini na uhaba wa dawa zenyewe, ni maneno. Ikiwa ni hivyo, basi suala hili haliwezi kuachiwa madaktari peke yao. Ni suala la isimu, la tafsiri na la fasihi, na wanakiswahili wana deni la kulipa.

Tarishi aliyeharibika

Kwa kawaida, maumivu ni tarishi. Mtu akikanyaga mwiba, neva hupeleka habari kwenye uti wa mgongo na ubongoni, naye huuinua mguu hata kabla hajafikiri. Tarishi huyo huchukiza, lakini husema kweli. Katika maumivu ya neva mambo huwa kinyume, kwa kuwa tarishi mwenyewe ndiye mgonjwa. Huleta habari za moto pasipo moto, za mwiba pasipo mwiba, na wakati mwingine za mguu uliokwisha kukatwa na kuzikwa. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, kilichoasisiwa mwaka 1973, kiliidhinisha mwaka 2011 fasili inayosema kwamba haya ni maumivu yanayosababishwa na jeraha au ugonjwa wa mfumo wa neva za hisia. Yaani kilichoumia si kiungo kinachouma, bali ni njia inayopitisha habari za kiungo hicho.

Visababishi vyake si vigeni kwa Wakenya. Kisukari kilichokaa mwilini kwa miaka mingi huharibu neva za nyayo na vidole. Mkanda wa jeshi hupona na kuacha nyuma yake mbavu zinazoungua kwa miezi au hata miaka. Ukoma, ulevi wa kupindukia, baadhi ya dawa za saratani na virusi vya UKIMWI vyenyewe vyaweza kuleta hali hiyo. Isonaizidi, dawa ya kifua kikuu, huweza kudhuru neva, na ndiyo sababu mgonjwa hupewa vitamini B6 pamoja nayo. Aidha, watu wengi walioanza kutumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI katika miaka ya 2000 watakumbuka stavudini, iliyowaokoa na mauti lakini ikawaachia miguu isiyotulia. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zote ziiondoe dawa hiyo hatua kwa hatua kwa ajili ya madhara yake ya kudumu.

Dawa ambazo wengi huzikimbilia, kama vile parasetamoli na ibuprofeni, hazifui dafu hapa. Hizo hufaa zaidi pale ambapo tarishi anasema kweli. Tarishi anapokuwa mwongo, dawa inayohitajika ni ile inayomnyamazisha yeye mwenyewe.

Bibi wa Kongowea

Na ichukuliwe kwa mfano hali ya bibi mmoja, wa kubuni lakini asiye mgeni kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki. Bibi huyu anauza mboga katika soko la Kongowea, Mombasa, na ana kisukari cha miaka 12. Amepanga foleni tangu asubuhi, na sasa amefika mbele ya daktari aliye na umri wa mjukuu wake.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Nyayo zanichoma. Usiku zawaka kama nimekanyaga makaa. Shuka likinigusa, naona kama nimemwagiwa upupu. Na vidole vimekufa ganzi, lakini ganzi hiyo yenyewe yaniuma.”

Kauli hiyo ya bibi ni utambuzi kamili wa ugonjwa. Imetaja moto usio na chanzo, mguso mwepesi unaogeuka mateso, na ganzi inayouma, ambayo ni kinaya kinachoweza kumtatiza mwanafunzi wa fasihi lakini kisichomtatiza mtaalamu wa neva hata kidogo. Daktari anasikiliza, kisha anaandika kwenye faili maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya “miguu yauma”. Kila kilichokuwa na thamani katika kauli ya bibi kimebaki hewani.

Hata hivyo, daktari huyu ni hodari. Anaelewa, na anaandika amitriptilini, kidonge kimoja kila usiku. “Ni dawa ya maumivu, bibi. Umalize dozi, kisha urudi baada ya mwezi.” Bibi anashukuru. Nyumbani mjukuu wake anasoma karatasi iliyomo ndani ya kisanduku, anatafuta jina hilo kwenye simu, kisha anamwambia kwa sauti ya chini: “Bibi, hii ni dawa ya wagonjwa wa akili.” Usiku huo vidonge vinawekwa chini ya godoro. Bibi hasemi neno. Anachokiona ni kwamba daktari hakuyaamini maumivu yake, kwamba alimsikiliza akamwona kachanganyikiwa. Waswahili husema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Bibi huyu sasa anaamini kwamba hata hiyo adhabu yake imekanushwa.

Dawa za kuazima

Mjukuu hakusema uongo, na hapo ndipo penye utata. Takriban dawa zote kuu za maumivu ya neva zilikuja mjini kwa shughuli nyingine. Amitriptilini iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1961 kama dawa ya sonona. Kabamazepini iliundwa mwaka 1953 na Walter Schindler, mwanakemia wa kampuni ya Geigy huko Basel, Uswisi, nayo ikapata sifa kama dawa ya kifafa. Miaka ya 1960 ilipoanza, ilidhihirika kwamba inatuliza maumivu makali ya neva ya uso, yale yanayompiga mtu shavuni kama radi anapotafuna au kupiga mswaki. Gabapentini iliidhinishwa Marekani mwaka 1993 kwa ajili ya kifafa, na ilibidi kusubiri hadi mwaka 2002 ndipo ikaidhinishwa kwa maumivu yanayofuata mkanda wa jeshi. Pregabalini na duloksetini zilifuata mwaka 2004. Duloksetini nayo ni dawa ya sonona pia.

Uhusiano huu si wa bahati nasibu. Kifafa ni neva za ubongo zinazofyatuka bila mpango. Maumivu ya neva ni neva za hisia zinazofyatuka bila sababu. Kabamazepini huibana milango midogo ya sodiamu ambayo neva huitegemea ili kufyatuka, ilhali gabapentini na pregabalini hushika sehemu ya milango ya kalsiamu, na habari zinazopitishwa zikapungua. Amitriptilini na duloksetini huongeza noradrenalini na serotonini, kemikali ambazo ubongo huzitumia kuzima habari za maumivu zikiwa bado kwenye uti wa mgongo. Kazi hiyo ni tofauti na ile ya kuinua moyo wa mtu mwenye sonona, na aghalabu hufanyika kwa kiasi kidogo zaidi cha dawa. Kwa hivyo bibi hakupewa dawa ya wazimu. Alipewa dawa ya neva ambayo ilianza kazi yake duniani katika wadi nyingine.

Ni vyema kukiri pia kwamba dawa hizi si miujiza. Tathmini pana iliyochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet Neurology ilipendekeza dawa za kundi la amitriptilini, za kundi la duloksetini, na gabapentini pamoja na pregabalini ziwe za kwanza kujaribiwa. Tathmini hiyo hiyo ilionyesha kwamba kwa kundi la amitriptilini, wagonjwa wapatao 3.6 hutibiwa ili mmoja zaidi apunguziwe maumivu kwa nusu, akilinganishwa na wanaomeza kidonge kisicho na dawa. Kwa pregabalini idadi hiyo ni 7.7. Maana yake ni kwamba wengi hujaribu dawa ya kwanza isiwafae, wakajaribu ya pili, au wakapata nafuu ya kiasi tu. Mgonjwa asipoambiwa hayo kwa lugha anayoielewa, atadhani ama daktari ni mwongo au ugonjwa wake ni wa kurogwa.

Maneno yanayopotosha

Ukichunguza maneno aliyoambiwa bibi, utaona kwamba kila moja lilikuwa sahihi katika muktadha wake wa kawaida, na kila moja lilimpotosha.

La kwanza ni “dawa ya maumivu”. Katika fikra za msemaji wa Kiswahili, dawa ya maumivu humezwa mtu anapoumwa na huachwa anapopoa. Hufanya kazi kabla chai haijapoa. Amitriptilini haiko hivyo. Huanza kwa kiasi kidogo, kwa kawaida miligramu 10 au 25 usiku, kikapandishwa taratibu, na nafuu huweza kuchukua majuma kadhaa kuonekana. Gabapentini nayo hupandishwa siku baada ya siku. Mgonjwa humeza kila siku, awe anaumwa au haumwi. Anayeimeza siku moja akaona miguu ingali yawaka ataiacha, na kwa mujibu wa neno aliloambiwa, ana haki ya kuiacha.

La pili ni “dozi”. Umma umefunzwa kwa miaka mingi, na umefunzwa vizuri, kwamba dozi ya malaria au ya viuavijasumu ina mwisho, na kwamba mgonjwa mwema huimaliza. Dawa za neva hazina mwisho wa aina hiyo. Pakiti ikiisha, kilichoisha ni pakiti, na mgonjwa anatakiwa kurudi kuchukua nyingine. Fauka ya hayo, dawa hizi hazifai kukatizwa ghafla. Hupunguzwa hatua kwa hatua kwa uangalizi wa daktari, hasa gabapentini, pregabalini na kabamazepini, ambazo zikiachwa kwa ghafla huweza kumletea degedege hasa mtu aliye na kifafa. Neno “maliza” hapa ni hatari kama neno “acha”.

La tatu ni jina la ugonjwa wa jirani: dawa ya kifafa, dawa ya wazimu. Katika jamii ambamo kifafa kingali kinahusishwa na mapepo, na ambamo ugonjwa wa akili bado ni aibu ya ukoo mzima, jina hilo laweza kumfukuza mgonjwa kuliko uchungu wa dawa yenyewe. Kumficha si suluhisho, maana simu ya mjukuu itamfichulia. Linalohitajika ni kumtangulia mjukuu kwa maelezo: “Dawa hii hutumiwa pia na watu wenye sonona. Wewe umepewa kwa kazi nyingine, ya kutuliza neva za miguu.” Sentensi hizo mbili hazigharimu hata nusu dakika.

Lipo pia neno la nne, “mshipa”. Baadhi ya wahudumu, kwa nia njema, humwambia mgonjwa kwamba ana tatizo la mishipa. Lakini mshipa katika Kiswahili ni njia ya damu, ni neva, ni kano, na vilevile ni jina la maradhi ya ngiri. Mzee anayeambiwa kwamba mshipa wake una hitilafu aweza kuondoka hospitalini akienda moja kwa moja kutafuta mitishamba ya ngiri. “Mishipa ya fahamu” hupunguza utata huo, ila fahamu nayo humpeleka msikilizaji kichwani badala ya miguuni. “Neva” ni neno fupi, limekwisha kuzoeleka shuleni, na halina maana ya pili ya kulitatiza. Yafaa litumiwe, nalo lielezwe kwa mfano wa waya zinazopeleka habari.

Mbali na hayo, kuna maonyo ambayo ni lazima yafike kwa lugha inayoeleweka. Amitriptilini hukausha mate, hufunga choo, huzuia mkojo kwa baadhi ya wanaume wazee, na huweza kumwangusha mkongwe anapoamka usiku. Kabamazepini hupunguza nguvu za vidonge vya kupanga uzazi na hata za dolutegraviri, dawa inayotumiwa dhidi ya virusi vya UKIMWI. Gabapentini na pregabalini zikichanganywa na tramadoli huweza kudhoofisha pumzi. Haya si mambo ya kuandikwa kwa herufi ndogo za Kiingereza kwenye karatasi iliyokunjwa mara nane. Kwa sababu hiyo hiyo, hakuna dawa kati ya hizi inayofaa kununuliwa dukani kwa kukisia.

Ugonjwa unaopimwa kwa maneno

Huenda msomi akauliza: hayo yote yanawahusu nini wanafunzi wa Kiswahili? Jibu limo katika jinsi maumivu haya yanavyotambuliwa. Sukari hupimwa kwa tone la damu, na mfupa uliovunjika huonekana kwenye picha. Maumivu hayana kipimo cha aina hiyo. Mwaka 1975 Ronald Melzack wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada alichapisha hojaji iliyokusanya maneno 78 ya kueleza maumivu, yakapangwa katika makundi 20. Hiyo, kwa hakika, ilikuwa kazi ya leksikografia iliyofanywa na mwanasaikolojia. Mwaka 2005 wataalamu wa Ufaransa walitoa hojaji fupi yenye vipengele 10 vya kutambua maumivu ya neva. Vipengele 7 kati ya hivyo ni vya kumuuliza mgonjwa: je, panaungua? Pana baridi inayouma? Pana mipigo kama ya umeme? Panatambaa kama sisimizi? Panachoma kama pini? Pana ganzi? Pananyea? Vilivyobaki 3 ni vya kumgusa. Anayepata alama 4 au zaidi hushukiwa kuwa na maumivu ya neva. Basi alama nyingi zaidi zimo katika msamiati.

Hapa ndipo tafsiri inapokuwa suala la tiba. Yeyote atakayeifasiri hojaji hiyo kwa Kiswahili atakutana na kitenzi “kuwasha”. Moto huwashwa, pilipili huwasha, na upele nao huwasha. Mfasiri akiandika “Je, panawasha?”, mgonjwa mmoja atajibu ndiyo akimaanisha kuungua, na mwingine atajibu ndiyo akimaanisha haja ya kujikuna. Alama moja itahesabiwa pasipostahili, au itapotea pale ilipostahili. Mfasiri aliye makini atatenganisha: “panaungua kama moto?” na “panakufanya utake kujikuna?” Uamuzi huo hauwezi kufanywa na mtu asiyejua semantiki ya Kiswahili, hata awe bingwa wa tiba namna gani.

Wala utata huo si upungufu wa lugha. Mwaka 1997 David Julius na wenzake huko California waligundua kipokezi kilichomo kwenye neva ambacho huamshwa na kiini cha pilipili na vilevile na joto kali. Kazi hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kiini hicho cha pilipili, kapsaisini, leo hutumiwa katika krimu na viraka vya kubandikwa ngozini ili kuzichosha neva zinazouma. Kilichothibitishwa maabarani, kwamba pilipili na moto hupita mlango mmoja, Waswahili walikuwa wamekwisha kukitia katika kitenzi kimoja. Lugha ya namna hiyo haiwezi kusemwa kwamba haina uwezo wa kuzungumzia neva.

Utajiri wa Kiswahili katika uwanja huu hauna kifani. Kichwa huwanga, jipu hupwita, tumbo husokota, koo hukereketa, kidonda kilichoingia chumvi huchonyota, na mbavu huingiwa na vichomi. Kitenzi chenyewe cha msingi, kuuma, ni kile kile cha meno. Msemaji wa Kiswahili haoni maumivu kama hali, huyaona kama kitu chenye meno kinachomtafuna. Fasihi nayo imekaa kando ya kitanda cha mgonjwa tangu zamani. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utendi wake maarufu mwaka 1858 akiwa mgonjwa, ili amwachie bintiye wosia. Utendi huo umejadiliwa kwa wingi kwa ajili ya mafunzo yake kwa mke. Ni nadra kusomwa kama kauli ya mtu anayeumwa.

Pingamizi na majibu

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba tiba ni taaluma ya kimataifa, na kwamba Kiingereza kinatosha. Hakuna anayedai kwamba daktari aandike jina la dawa kwa Kiswahili kwenye cheti chake. Dai ni kwamba habari mbili, ile inayotoka kwa mgonjwa na ile inayomrudia, zipitie katika lugha ya mgonjwa bila kumwagika. Wengine watasema kwamba hata Kiswahili si lugha ya kwanza ya Wakenya wengi. Ni kweli, na katika vijiji vingi neno la kwanza la maumivu litakuwa la Kikamba, Kidholuo au Kipokomo. Hata hivyo, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha daktari wa Kisumu na mgonjwa wa Lamu, na daraja haliachwi kwa sababu si nyumba.

Pingamizi zito zaidi linawalenga wanakiswahili wenyewe. Kila panapotajwa istilahi, kalamu zao hukimbilia kuunda. Miaka mingi ilitumika kubishania ngamizi, tarakilishi na kompyuta, ilhali wananchi walikwisha kuchagua. Ikiwa mchango wa wasomi katika suala la maumivu ya neva utakuwa orodha ya maneno mapya yasiyotamkika, heri wakae kimya. Bibi wa Kongowea hahitaji kuundiwa neno. Tayari anayo makaa, upupu na ganzi inayouma. Anachohitaji ni mtu wa kuyaandika maneno yake kama alivyoyasema, kuyalinganisha na ya mwenzake wa Taveta na wa Busia, kisha kuyapeleka kwa daktari yakiwa yamepangwa. Kazi hiyo ni ya kukusanya, na kukusanya ni kugumu kuliko kuunda.

Kulipa deni

Sheria iko upande wa mgonjwa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inataka mgonjwa aelezwe hali yake na matibabu yake kwa lugha anayoielewa. Lakini sheria haiwezi kujitafsiri. Haitoshi kumwamuru daktari aseme Kiswahili ikiwa alifunzwa maumivu kwa Kiingereza kwa miaka 6 na hakuna aliyemwandalia hata ukurasa mmoja.

Yapo mambo matatu ambayo chama cha wanafunzi wa Kiswahili chaweza kuyaanza bila kungoja ruzuku. Kwanza, kila mwanachama anapoenda likizo aandike jinsi wazee wa kwao wanavyoeleza maumivu, kwa maneno yao na kwa lahaja yao, kwa idhini yao na bila kutaja majina. Pili, wanachama wakae na wanafunzi wa tiba. Katika vyuo vikuu kadhaa nchini, idara ya Kiswahili na shule ya tiba zinatenganishwa na uwanja wa nyasi tu, lakini wanafunzi wake hawajuani hata kwa sura. Tatu, waandae kwa pamoja karatasi ya ukurasa mmoja ya kumpa mgonjwa anayeanza dawa ya neva, ipitiwe na mfamasia na daktari kabla ya kutolewa. Karatasi hiyo iseme kwa Kiswahili chepesi: dawa hii hutuliza neva, hutumiwa pia kwa maradhi mengine, meza kila siku hata usipoumwa, subiri majuma kadhaa, usiiache ghafla, ukiona upele, kizunguzungu kikali au mkojo umezuiwa, rudi haraka. Na iongezwe kwamba dawa hutuliza maumivu, haiponyi neva. Kwa hivyo mwenye kisukari aendelee kudhibiti sukari na kukagua nyayo zake kila siku, kwa kuwa mguu uliokufa ganzi hauhisi jeraha, na jeraha lisilohisiwa ndilo linaloishia kwenye msumeno wa daktari wa upasuaji.

Wapenzi wa lugha hii hupenda kujiita wakereketwa wa Kiswahili. Jina hilo limetokana na kukereketa, neno la maumivu. Basi ni haki liwe na maana. Mkereketwa asiyekereketwa na vidonge vilivyolala chini ya godoro la bibi wa Kongowea amebeba jina tu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Walisema kweli, lakini hawakukataza kumuuliza anayekilalia, wala kuandika anachokijibu.